Dada Yetu "Dakika Moja", Mpima Pasi

Dada yetu mkubwa, tunayemzika leo, alizaliwa Jumatano tarehe 11 Machi 1959, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano. Baba alikuwa mpaka rangi wa mabehewa, mama akishona magodoro. Mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alijua kuuliza "kwa nini" kabla hajajua kuomba maji, na sisi wadogo zake, aliotubeba mgongoni, tunathibitisha kwamba hakuacha.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari, na mwaka 1977 akaingia chuo cha ufundi kusomea umeme. Darasani walikuwa thelathini na mmoja, msichana yeye peke yake. Mwalimu wa karakana alimwuliza kama amepotea akitafuta darasa la upishi. "Sijapotea, Mwalimu, na kiti nimeshakipata," alijibu. Alimaliza wa pili, jambo lililomkera maisha yake yote, maana huyo wa kwanza alikuwa akikaa nyuma yake na shingo ndefu.

Januari 1980 aliajiriwa kiwanda cha pasi, chumba cha upimaji. Kila pasi aliipelekea volti elfu moja na mia tano kati ya nyaya na bati la nje, dakika nzima. Kama umeme ulivuja, kengele ililia, na pasi ikarudi kwa mafundi. Wenzake walitaka sekunde tano zitoshe. Yeye hakukubali, wakambandika jina la Dakika Moja.

Kila asubuhi alianza kwa kupima pasi mbovu ya makusudi, iliyopakwa rangi nyekundu. Ikiliza kengele, basi mashine ni nzima. Septemba 1982 ilikuja oda ya haraka, akairuka hatua hiyo siku tatu mfululizo. Alhamisi tarehe 9 aligundua kwamba tangu Jumatatu kengele haijalia hata mara moja. Akaichukua ile nyekundu, akaipima. Kimya. Waya wa mashine ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, na pasi mia moja themanini na nane zilikwishakwenda madukani zikiwa na sahihi yake.

Hakuna aliyejua. Wiki hiyohiyo alikuwa apewe ukuu wa chumba. Alikwenda kwa meneja, alitusimulia mwenyewe, akakiri kila kitu. Mficha uchi hazai.

"Mbona hakuna aliyelalamika?" meneja aliuliza.

"Bosi, aliyeuawa na umeme halalamiki."

Alisimamishwa kazi mwezi mzima, na ukuu akapewa mwingine; yeye aliupata miaka sita baadaye. Mwezi huo aliutumia kwenda duka kwa duka, nyumba kwa nyumba, akizikusanya zile pasi.

Fundi cherehani mmoja alimkatalia katakata. "Dada, pasi hii imenikosea nini? Unaninyang'anya mchana kweupe." Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba aione kwa macho yake ikipimwa. Dakika haikuisha, kengele ililia. Fundi aliitazama mikono yake, kisha akauliza, "Na wewe unakaa wapi?" Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1983, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja. Shemeji yetu anasema hajawahi kushinda ubishi tangu siku hiyo.

Alistaafu mwaka 2014. Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Wodini aliwakagulia wauguzi plagi zote, na mbili zilibadilishwa. Alifariki Ijumaa tarehe 14 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, na sisi wadogo zake wanne tunaoumia sana.

Kati ya zile pasi alizipata mia moja themanini na saba. Tatu zilikuwa mbovu. Moja hakuipata. Aliitangaza gazetini kila Septemba, na siku mbili kabla ya kufa alimwagiza binti yake mkubwa, ambaye naye ni fundi umeme, asiache kuitafuta. Kwa hiyo tunawaomba mliofika, mkirudi nyumbani tazameni makabatini, hasa kwa bibi zenu. Mwenye pasi yenye namba 20916 chini ya mpini asiichomeke. Amletee binti huyo, aliyekaa mstari wa mbele.

Pumzika kwa amani, dada. Hiyo moja tuachie sisi.