Kabureta ndani ya Kanga

Pikapu ya Kilambo ilikuwa imeshapita Madimba wakati Somoe alipomwonyesha abiria wa pembeni, mwanamume mwenye ovaroli ya bandarini, alichokipakata.

"Kabureta ya skuta ya mume wangu, kaka. Naipeleka mjini ikafanyiwe tyuni."

"Na skuta yenyewe?"

"Imezimika nyumbani. Ulitaka niibebe kichwani?"

"Kabureta hurekebishwa injini ikinguruma, dada. Mumeo huitumia kubebea nini?"

"Salfa ya kupulizia mikorosho."

"Basi unga wa salfa umeziba kichujio cha hewa. Mtu kazibwa pua, nyie mnampasua kifua! Nunua kichujio kipya, urudi."

Kusema "urudi" ni rahisi kwa asiyerudi. Somoe alifumba macho. "Kesho mama mkwe ana kliniki ya macho, na kwetu gari haliingii. Nikirudi na kichujio, kabureta ataifunga nani? Mume wangu aliifungua kwa hasira, skrubu zikazama mchangani."

"Zote?"

"Nimeiona hii moja."

Mwanamume, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu Kilambo, aliipokea skrubu ile, akaigeuza, akamrudishia. Pikapu ikasimama stendi. Somoe akaikunja kanga yake.

"Haya kaka, nielekeze kwa fundi. Asiye na maneno mengi."