Sabuni na Taulo za Mzee Kitsao

Ndugu na majirani, tunaomba utulivu, hata kwa wale waliokuja kuangalia nani amelia na nani hakulia. Huu ni wasifu wa Mzee Alphonce Kitsao Kaingu. Unasomwa na Josephine, binti yake wa kwanza, mtu ambaye tangu utotoni hushuku hata chumvi ya nyumbani kwao.

Kitambulisho chake chasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1957, Ganze. Tarehe hiyo twaishuku, maana nusu ya wazee wa Ganze walizaliwa siku hiyo. Mamake alijua tu kwamba mihogo ilikuwa ikivunwa. Alikuwa wa tatu katika watoto saba wa Mzee Kaingu na Mama Kadzo.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia 1965 hadi darasa la saba, 1971. Aliwaambia wanawe kwamba hakuwahi kuwa chini ya nambari tano darasani. Ripoti hatukuziona. Alisema zililiwa na mchwa, na mchwa hao walikula zote bila kubakisha hata moja.

Mwaka wa 1978 alikuja Mombasa, akafanya kibarua bandarini, kisha akawa dereva wa foko, ile gari ya kunyanyulia mizigo, mpaka alipostaafu Desemba 2016. Tarehe 14 Aprili 1984 alifunga ndoa na Nyamvula, binti wa Kinango, katika kanisa moja hapa Likoni. Walijenga nyumba Bofu na kujaliwa watoto watatu: Josephine, Kaingu na Judy.

Watu wa bara hutucheka tukisema Mombasa kuna baridi. Kipupwe kikiingia, mwezi wa sita na wa saba, mvua ikinyesha asubuhi na upepo ukipenya makuti, sisi maji ya mtungi hatuyagusi. Baba ndiye aliyekuwa akiamka kwanza kuwasha jiko la makaa na kuchemsha maji ya kuoga ya kila mtoto. Kisha aliita jina kwa jina, na aliyeitwa alijibu "abee" au "naam" akiwa bado ndani ya shuka.

Kwa hiyo Julai 2019, alipoanza kuchemsha maji na kuondoka nayo, nyumba ilishtuka. Watoto walikuwa wamekua. Kila asubuhi alitia maji katika dumu, akalizungushia blanketi kuukuu, akachukua sabuni na taulo, akaenda.

"Baba Josephine, wenda wapi?" mama aliuliza.

"Kujitolea," alijibu.

Dorothy, jirani yetu muuza mahamri, ndiye aliyeleta habari kwamba mzee huingia kwa Mwanatabu, kule njia ya Mtongwe. Mumewe Mwanatabu, Hassan, huendesha lori la masafa, na wakati huo alikuwa Uganda.

"Mwanangu, wahudumu wa afya wa kujitolea twawajua, ni wanawake na madaftari yao," mama alimwambia Josephine. "Mwanamume na sabuni asubuhi, kwa mke wa mtu, ajitolea nini?"

Josephine alimfuata babake, Jumatatu tarehe 15 Julai. Alijificha nyuma ya banda la kuku huku mvua ikimlowesha. Alimwona Mwanatabu akipokea dumu, mlango ukafungwa. Akasikia maji yakimwagwa, kisha kicheko. Hakungoja zaidi, akarudi mbio kumweleza mama kila alichosikia, na pengine akaongeza kidogo.

Nyamvula alifunga mizigo akaenda kwa kaka zake Kinango. Wazee wa pande zote mbili walikaa. Marehemu aliulizwa mara tatu, na mara zote tatu alisema, "Nimewekewa amana na mtu. Nikiitoa, mimi si mtu." Kesho yake asubuhi akachukua dumu lake, akapita mbele ya Dorothy, akamwamkia vizuri. Josephine hakuzungumza naye kwa wiki saba.

Tarehe 4 Septemba, Hassan alifika Kinango mwenyewe, akiwa na kofia mkononi. Babake alikuwa amefariki siku mbili kabla. Mzee huyo alipooza akawa hawezi kujiosha, na nyumbani hapakuwa na mtu ila mkaza mwanawe, Mwanatabu. Mkwe hamwoni mkwewe utupu, hilo sote twalijua. Wahudumu nao walikuwa wanawake wa umri wa binti zake. Alikuwa amekaa siku kumi na moja katika uchafu wake, akakataa kula. Baba yetu alikubali kumuosha, na mzee akamwapisha asimwambie yeyote.

"Mama, baba yangu hakufa ananuka," Hassan alisema. "Wallahi, alikufa akicheka. Mume wako alifanya naye masihara kila asubuhi."

Nyamvula alirudi Bofu siku hiyo hiyo. Josephine hakuomba radhi. Aliona haya, akasema ataomba Krismasi, kisha Pasaka.

Juni 2024 Mzee Kitsao alipatwa na kiharusi, upande mmoja ukafa na maneno yakapotea. Kaingu yuko kazini Qatar. Mke alikuwa na mgongo mbovu, na binti hawezi kumuosha babake. Siku ya tatu Hassan alibisha hodi akiwa na dumu lililofungwa blanketi, sabuni na taulo. Safari za lori alizipunguza, akaja mwaka mzima.

"Ni mwanamume gani huyo aingiaye kwenu asubuhi?" Dorothy aliuliza.

"Mfuate," mama alimjibu.

Marehemu alituacha nyumbani, Ijumaa tarehe 11 Julai 2025, akiwa ametoka kuoshwa. Asubuhi ile nilikuwa nimesimama nje ya mlango. Nilisikia maji, na nikasikia kicheko cha baba. Nilisema, "Baba, nisamehe," lakini nilisema polepole, na maji yalikuwa yakimwagwa. Sijui kama alisikia. Ndiyo maana leo nasema kwa kipaza sauti, Dorothy naye asikie.

Ameacha mjane, Nyamvula, watoto Josephine, Kaingu na Judy, wajukuu watano, na mwana mmoja ambaye hakumzaa, Hassan, aliyetupa ruhusa ya kusoma haya.

Baba, lala. Ulimsitiri mwenzio, nawe umesitiriwa.