Mama Mashine, Aliyesaga Upepo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyekuwa na mashine ya kusaga nafaka. Jina alilopewa na wazazi wake wengi walishalisahau. Walimwita Mama Mashine, naye aliitika.

Mwaka ule wa mvua nyingi, mlima uliporomoka. Udongo ulifukia nyumba za bondeni, watu wakiwa ndani. Mama Mashine alimpoteza mwanawe wa pekee. Mwili haukupatikana. Akabaki yeye na mkwewe, mjane wa huyo mwanawe, chini ya paa moja.

Misaada ililetwa: mablanketi, maturubai, ndoo. Kisha magari yakaondoka. Familia zilibanana kwenye nyumba zilizosalia, ukilia chumba hiki unaamsha watoto chumba cha pili. Basi watu wakameza vilio vyao.

Wa kwanza kuja mashineni alikuwa mwashi aliyefukiwa mke na watoto. Alileta debe la nafaka, akaketi juu ya gunia kusubiri. Mama Mashine akaona mabega yake yanatikisika. Nafaka ikaisha. Kwa kawaida angezima mashine. Hakuzima. Alifunga mlango, akaketi kando yake, akaiacha mashine izunguke tupu. Kelele ikafunika kilio chote.

"Kesho uje tena, shemeji," alimwambia. "Hata bila debe."

Alikuja. Wakaja na wengine. Baadaye mwashi mwenyewe akawa anaketi na waliofiwa kama yeye. Hawakuwa madaktari, wala hawakujifanya madaktari. Aliyezidiwa walimsindikiza mpaka zahanati, wakamsubiri nje.

Fundi wa mashine hakufurahi. "Mama, mawe yanalika bure! Unasaga nini humu, upepo?"

"Upepo nao una wateja wake, mwanangu. Wewe kaza mkanda huo."

Kijiji kikajiwekea mwiko. Mashine yenye nafaka hunguruma kwa sauti nzito. Iliyo tupu hulia sauti nyembamba. Ukisikia sauti nyembamba, usiingie. Kuna mtu analia humo. Pita zako kwa adabu.

Lakini Mama Mashine mwenyewe hakuwahi kulia. Hilo ndilo lililomnyima mkwewe raha.

"Mama, na wewe utalia lini?"

"Nikilia mimi, nani ataiwasha mashine?"

"Nitaiwasha mimi."

"Wewe? Jiko lenyewe hulizima kwa kulipuliza!" Wakacheka, na maneno yakaishia hapo. Mkwewe anasema kila mara alipoyaanza, aliondolewa kwa mzaha.

Mwezi uliopita, mchana, sauti nyembamba ilisikika. Wateja waliacha madebe yao ukutani wakaenda zao. Mwashi alipita, akavua kofia, akaendelea na safari. Mkwewe alikuwa bombani, akawaambia wenzake, "Leo kuna mwenye mzigo mzito."

Mchana wote sauti ile ile. Jua lilipopoa, mafuta yakaisha, mashine ikazima yenyewe. Ndipo majirani walipogonga mlango. Walipousukuma, walimkuta Mama Mashine sakafuni. Alikuwa peke yake. Hapakuwa na mtu mwingine humo tangu mwanzo.

Ni kiharusi, wasikilizaji wapendwa. Daktari alisema angewahiwa, pengine angepona. Alisema pengine, nasi hatuongezi neno. Hakuna aliyekosa kwa kuwa na adabu.

Mkwewe ndiye aliyemfuta uso. Ulikuwa mweupe kwa unga, na juu ya unga ule kulikuwa na michirizi miwili, kutoka machoni hadi kidevuni.

"Alilia," anasema. "Kwa hiyo alilia. Kijiji kizima tulimsikia, tukampisha."

Tunampa pole mkwewe. Pole kwa mwashi, ambaye mpaka leo hapiti njia ile. Pole kwa kijiji chote. Mungu ampumzishe mama yetu.

Nawe unayesikiliza, huenda unaye mtu kama huyo: dada, jirani, mwalimu wa watoto wako. Ndiye anayewauliza wote hali zao, na akiulizwa yake hutania. Tunadhani tunamheshimu kwa kutomwuliza mara ya pili. Mwendee leo. Akitania, cheka naye. Kisha usiondoke.