Asili ya Ukelele wa "Tulaaa!"

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Chama cha Wawindaji, wazee wetu wa kambi ya Tutakula mlioketi kulia, wazee wetu wa kambi ya Tulia mlioketi kushoto, mama yangu mzazi hapo mbele, ndugu wageni waalikwa, habari za mchana.

Leo nastaafu. Miaka ishirini na sita nimekuwa mpiga chapa wa chama hiki, na kazi kubwa niliyopewa ni kuchapa ubishi juu ya ukelele wetu wa mawindo, "Tulaaa!" Kaka yangu mkubwa, kiongozi wa kulia, anashikilia kwamba umetokana na "tutakula". Kaka yangu wa pili, kiongozi wa kushoto, anasema ni "tulia", eti swala akiombwa kwa adabu husimama. Jamani, ni swala gani huyo? Ndugu hawa wa tumbo moja hawajasalimiana mwaka wa kumi na moja sasa. Hata kaburi la baba walichimba kila mmoja kutoka ncha yake, likatoka refu la kutosha watu wawili. Niliumia sana siku ile.

Jana nikimpigia mama pasi gauni lake, akaniambia, "Mwanangu, kesho wanazindua jiwe la ukelele. Waambie ukweli. Nimechoka kutunza aibu ya marehemu huku nikipoteza watoto walio hai."

Basi sikieni. Ukelele tunaouita wa mababu una umri sawa na ndoa ya mama. Asubuhi moja baba aliondoka mbio kwenda kuwinda, amevaa shati na viatu tu. Mama akamfuata, akapaza sauti, "Kaptulaaa!" Upepo ukachukua mwanzo wa neno. Wenzake baba, waliokuwa wamejibanza vichakani, wakadhani ni amri, wakachomoka wote kwa pamoja, na swala kwa woga akaingia mwenyewe wavuni. Tangu siku hiyo nani angethubutu kuwinda bila kuupiga?

Mama, tafadhali, waonyeshe.

Asante, Mama. Miaka tisini, na pumzi hiyo! Na je, mmewaona kaka zangu? Wote wawili wameshika viuno vyao kuhakikisha wamevaa, kisha wakatazamana. Mkubwa anacheka. Wasogezeeni viti, wanakuja kukaa na mama yao.

Mheshimiwa, kitambaa kilichofunika jiwe nakuomba ukiache palepale. Baba ameachwa wazi vya kutosha kwa siku moja.

Nawashukuru nyote. Asanteni kwa kunivumilia mpaka mwisho.