Bi. Winfred Ndunge na Gati la Motuhale

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Winfred Ndunge anastaafu, baada ya miaka ishirini na mmoja katika kitengo chetu cha kupanga shehena hapa Doha. Alitokea Mombasa, alikokuwa karani wa bandari, akaja na sanduku moja. Siku ya pili alishikwa na mafua ya kiyoyozi, na kwa kweli hayajamwachia hadi leo.

Wengi wetu hatuwezi kumtaja bila kuitaja Motuhale, kisiwa kidogo cha Bahari ya Pasifiki ambacho kampuni yetu hukihudumia. Bandari yake ni gati moja, winchi moja, ghala la mabati, matangi mawili ya mafuta na mlango mwembamba wa kupenya matumbawe. Uwanja wa ndege hakuna. Unga, dizeli, dawa, vitabu vya shule, hata majeneza, vyote huingilia hapo. Mbata na samaki hutokea hapo hapo. Meli ikikosa kuja, watu hukosa. Aliwahi kuulizwa mbona kila Desemba anaongeza unga. Alijibu, "Kule hakuna duka la jirani la kukimbilia Krismasi."

Miaka mitatu iliyopita kimbunga kilipasua gati na kuitupa winchi baharini. Jenereta ya hospitali ilikuwa karibu kuishiwa dizeli, na meli yenye mafuta ilikuwa imeshakaribia. Ijumaa asubuhi, Bi. Winfred akiwa kanisani Mesaimeer, maana hapa Doha ibada kuu huwa Ijumaa, nahodha alipiga simu kusema anageuza. Bi. Winfred alitoka nje, akasimama juani.

"Mama, hapana pa kufunga meli," nahodha alimwambia. "Siwezi kuipandisha juu ya kifusi."

"Sijakwambia ufunge. Tia nanga nje ya matumbawe. Meli yako ina winchi yake. Shusha mapipa kwenye tishari, Wayne atayafuata."

Wayne ndiye msimamizi wa bandari kule. Tishari, chombo bapa cha kubebea shehena, alikuwa nalo, ila boti ya kulivuta ilikuwa imepinduka. Bi. Winfred alipompigia, alikuta ameshawaita wenye mashua za injini ili walivute kwa pamoja. Nahodha akakubali kujaribu kesho yake, bahari ikitulia. Isipotulia, angeondoka.

Jumamosi ilikuwa siku ya mapumziko, lakini sote tulijikuta ofisini Al Sadd bila kuitwa. Hatimaye simu ya Bi. Winfred ikalia, naye akawasha spika.

"Mama, sikiliza," Wayne alisema, kisha akaielekeza simu hospitalini. Tulisikia ngurumo ya jenereta, na nyuma yake watu wakiimba. Bi. Winfred aliketi sakafuni kwenye zulia, akacheka huku machozi yakimtoka. Alipopata pumzi aliuliza kama hakuna hata mtu mmoja wa kumletea chai ya karak.

Gati jipya lilipofunguliwa alialikwa. Baada ya miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza kuiona bandari yenyewe. Bahari ilimtapisha njia nzima, na aliposhuka neno lake la kwanza lilikuwa, "Kumbe ndogo hivi! Maegesho yetu ya Al Sadd ni makubwa zaidi." Akina mama wa kisiwa walimkalisha kivulini kando ya ghala, wakamlisha samaki hadi akaomba radhi. Leo bandari ina maboya yenye taa, winchi mpya, na tangi la akiba juu ya kilima, ambalo yeye ndiye aliyelipigania.

Uongozi ulimwomba aongeze mwaka mmoja. Alikataa kwa upole: "Motuhale sasa inaweza bila mimi. Mume wangu kule mjini Wote, Makueni, hawezi."

Asante sana, Bi. Winfred. Ufike salama Makueni, upumzike ushibe, na Mungu akujalie miaka mingi ya heri pamoja na huyo asiyeweza bila wewe.

Valerie, kwa niaba ya wenzako wote wa kitengo