Mpima Baridi wa Bayansair

Ulaanbaatar, tarehe 20 Septemba 2024. Huu ni mwaka wa ishirini na tatu tangu nihame wilaya ya Bayansair. Mwisho wa mwezi huu Bi. Tsendayush, mpima hali ya hewa wa wilaya ile, anastaafu baada ya miaka thelathini na sita kazini. Wenzake wameniomba niandike habari zake kwa ajili ya sherehe, kwa kuwa nilikuwa daktari wa mifugo wa wilaya na ofisi zetu zilitumia jiko moja.

Kila asubuhi na jioni alitoka kusoma kipimajoto, hata kope zilipogandana. Madereva walimtania kwamba mumewe alimwoa ili apate wa kumwambia avae suruali ngapi. Alicheka, kisha akawatajia idadi.

Kando ya jiko lile tulibishana sana juu ya kinachoua kondoo, tukaafikiana hatimaye. Kondoo aliyeshiba hulala nje kwenye nyuzi arobaini chini ya sifuri na akaamka. Mwenye njaa hafiki asubuhi hata kwa nusu ya baridi hiyo. Ndiyo maana Tsendayush aliogopa zaidi joto la ghafla katikati ya majira ya baridi.

Joto hilo lilikuja mwaka 2001, katika Mwezi Mweupe, sikukuu yetu ya mwaka mpya. Watoto walivua kofia, na theluji ikadondoka maji kwenye mahema. Siku hizo hatutamki baya. Ukiulizwa kama mifugo inaendelea salama, unajibu ni salama, hata kama mizoga imelala nyuma ya zizi. Neno baya huita baya.

Redio ya kituo cha hali ya hewa ilikuwa imemwarifu Tsendayush kwamba usiku baridi kali ingerudi. Theluji iliyoloa ingeganda juu ya majani kama bamba la chuma. Njia ilikuwa moja tu: kuwavusha kondoo mlima mchana uleule, hadi bonde ambako upepo hufagia theluji. Niliendesha gari. Hema la kwanza lilikuwa la baba mkwe wake, Mzee Luvsandagva, lililojaa wageni. Mzee alimnyooshea kichupa chake cha ugoro kwa salamu, akauliza kama mifugo inaendelea salama.

"Si salama, Baba," Tsendayush alisema. "Hamisheni kondoo leo. Kesho hawatapata jani."

Mzee alikirudisha kichupa kifuani. "Mkwe wangu, mwaka haujamaliza siku tatu, nawe umeshauzika? Kaa ule nyama. Labda ni njaa inayosema."

Wageni walicheka. Tsendayush hakukaa. Tulikwenda hema baada ya hema, naye akarudia maneno yaleyale. Familia mbili tu ndizo zilizohama.

Majira ya kuchipua, kondoo wa familia hizo walizaa. Wa Mzee Luvsandagva walikufa wakiwa wamesimama, baada ya kutafunana sufu. Hadi anaingia kaburini mzee alishikilia kwamba mkwewe ndiye aliyeiita barafu, na wengi walimwamini. Hakuna hema lililomwalika tena Mwezi Mweupe. Hata familia zile mbili ziliuogopa mdomo uliowaokoa.

Aliendelea na kazi. Amefundisha wapimaji wanne, na ana nishani ya wilaya ambayo sijasikia kama aliwahi kuivaa. Kila joto la ghafla likija, huwasha pikipiki akaenda mwenyewe, hema kwa hema. Naambiwa hawamkaribishi chai. Lakini huhama.

Tsendayush, wilaya nzima ina deni la shukrani kwako, hata wasiolitamka. Tunakuombea uzee wa moto usiozimika jikoni na wageni mlangoni. Umeniandikia kwamba kuna nafasi ya hema karibu na lako. Daktari asiyebakiwa na mifugo hufuata lami hadi mjini, nami niliifuata pamoja na waliopoteza kila kitu. Baadhi yao ni majirani zangu hapa, na bado wanasema ni wewe uliyeiita barafu. Kila mwaka nawakatalia, na hapa hakuna mwingine wa kukutetea. Sitarudi.