Risala ya Wafanyakazi wa Kahawa Mlimani kwa Mhandisi Aliyeifunga Mashine Yetu

Mgeni rasmi, Mhandisi Enid Musimenta, mkaguzi wa umeme. Meneja wetu, Bwana Semakula. Wazee wa ushirika mlioshuka kutoka Kyarumba na Kyondo. Majirani zetu wa Bwera. Na wewe Erina, uliyeketi mstari wa mbele:

Karibu

Sisi wafanyakazi wa Kiwanda cha Kahawa Mlimani tunakusalimu kwa moyo mweupe. Mimi Evas Kabugho nimepewa kusoma tu. Maneno ni yetu sote, na tuliyagombania.

Kwanza tuligombania lugha. Wengi wetu ni Wakonzo wa hapa, wengine mama zao wako Kasindi ng'ambo ya mpaka, na wengine ni wake wa askari wa kambini, waliotoka Teso, Acholi na Buganda. Kiswahili ndicho tunachogombana nacho na kupatana nacho kila siku kazini, kwa hiyo kikashinda. Wewe ulituambia kwamba Kiswahili chako ni cha kuokoteza redioni. Usijali, Mama. Chetu tumekiokota sokoni.

Sisi ni nani

Kahawa inashuka milimani kwa vichwa vya watu, kwenye njia ambazo hata pikipiki inazikataa. Sisi tunaipokea, tunaikoboa, tunaichambua na kuitia magunia. Zamani tulichambua kwa macho na vidole, tukiwa tumekaa chini. Kisha ushirika ukanunua mashine ya kuchambua kwa rangi, kutoka ng'ambo. Siku ilipofika tulipiga vigelegele.

Mashine ile haitumii umeme kama wetu; inataka umeme mdogo zaidi. Kwa hiyo ililetwa pamoja na transfoma kavu, ile isiyo na mafuta, inayopozwa kwa hewa. Transfoma na paneli ya mashine vikafungwa kwenye fremu moja ya chuma, pembeni ya ukuta. Mafundi walioajiriwa kuifunga walimaliza, wakawasha, ikanguruma vizuri, wakaondoka. Namba yao ya simu haikupatikana tena.

Yaliyotupata

Mgeni rasmi, unayajua haya, lakini wazee wa Kyarumba hawakuwapo, na tunataka wayasikie kutoka kwetu.

Ulikuwa msimu mkubwa wa mwaka 2013. Mvua ilikuwa imeingia chini ya mlango na sakafu ilikuwa mbichi. Erina, aliyekuwa akiiongoza mashine, alikuwa amevua viatu, kama tulivyozoea wote. Wiki hiyo alikuwa amesema zaidi ya mara moja kwamba bati la paneli linamtekenya vidole. Fundi wetu Kiiza alilipeleka neno hilo ofisini, akaambiwa tumalize kwanza msimu.

Asubuhi ile Erina alinyoosha mkono kuzima mashine. Mkono ukashika mlango wa paneli na haukuachia. Hakupiga kelele. Tuliona tu mwili wake unatetemeka na macho yake yametutazama.

Jonan, mbebaji wetu wa magunia, alitupa gunia akamkimbilia. Proscovia, ambaye mume wake ni koplo, akamkemea kwa ile sauti ya gwaride:

"Wewe Jonan! Simama hapo! Hakuna kushika!"

"Mutu yetu iko anakufa!" Jonan akalia.

"Ukishika, mutakufa wawili! Kiiza, zima swichi kubwa! Mbio!"

Kiiza alikuwa ameshafika kwenye bodi kuu. Swichi ikaanguka, mashine ikanyamaza, na Erina akaanguka nayo. Jonan ndiye aliyembeba hadi barabarani, na Proscovia alikimbia pembeni yake akimwita jina asilale.

Erina aliishi. Mkono wake wa kulia uliungua, na vidole viwili hadi leo havikunjiki. Lakini aliishi, na kwa hilo tunasema Wasingya kutsibu, asante sana, kwa Mungu wetu, kabla ya kumshukuru mtu yeyote.

Siku uliyokuja

Ulikuja na gari jeupe, na mnyororo mkononi. Tulidhani utafunga kiwanda kizima. Ulifunga mashine peke yake, katikati ya msimu, kahawa ikiwa imejaa hadi mlangoni.

Siku hiyo, Mama, hatukukupenda. Proscovia alisema kwa sauti ili usikie: "Huyu madamu alikuja kufunga midomo ya watoto wetu."

Ulisikia. Ulipomaliza kuandika karatasi zako, ulivua koti, ukakaa chini katikati yetu, ukaanza kuchambua kahawa kwa mkono. Ulichambua vibaya sana. Proscovia alivumilia kidogo, kisha akakunyang'anya ungo akakufundisha. Mchana ulikula obundu, ugali wetu wa muhogo, na maharage pamoja nasi, na kabla ya kuondoka ukauliza Erina amelazwa wodi gani.

Erina ametusimulia mlivyokutana. Alikuambia, "Madamu, ile mashine ilinishika kama mutu." Nawe ukamwambia, "Nitajua ni kwa nini, na nitarudi nikuambie." Ukarudi. Watu wengi wakubwa wametuahidi kurudi, mgeni rasmi.

Ulichotufundisha

Ulirudi siku zako za mapumziko, na ukamkuta Kiiza hataki hata kuitazama transfoma. Hukumgombeza. Ulimpa tochi akushikie, ukafungua sanduku lake, na baadaye ukatuita sote tuone, hata sisi wa magunia.

Ulituonyesha waya mmoja wa kuingiza umeme. Ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa bati kwa mtetemo, ganda likachubuka, shaba ikagusa sanduku. Kwa kuwa fremu ni moja, transfoma na paneli vyote vikashika umeme.

Jonan akauliza, "Sasa mbona breka haikuanguka yenyewe kuzima umeme? Waya wa ardhi si ule pale?"

Ukatutoa nje kuufuata. Waya huo ulikwenda kwenye nondo fupi ya chuma, iliyopigiliwa katikati ya mawe, ukaishia hapo. Haukuunganishwa na waya wa ardhi wa bodi kuu. Na pale ulipofungwa kwenye sanduku, ulifungwa juu ya rangi.

Ndipo ukasema maneno ambayo Kiiza ameyaandika kwa chaki juu ya meza yake: "Umeme unatafuta njia ya kurudi ulikotoka. Uwekee njia ya shaba, iliyo nene na isiyokatika, utapita hapo kwa nguvu na breka itaanguka papo hapo. Mawe ya mlima hayatoshi kuwa njia. Usipouwekea, utapita kwa Erina."

Proscovia alijifuta macho kwa kanga.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyokupa jina. Kila mahali waya ulipokutana na bati, uliagiza rangi iondolewe mpaka chuma king'ae. Kiiza alisugua, ukapima, ukatikisa kichwa, akasugua tena.

"Madamu, rangi imekwisha. Sasa nasugua bati."

"Sugua, Kiiza."

Tangu siku hiyo, ukiwa hupo, tunakuita Mama Sugua. Tunaomba msamaha kwa kulitaja mbele ya wageni, ila watoto wetu hawajui jina lako jingine.

Leo waya mnene wa shaba unatoka sanduku la transfoma hadi bodi kuu. Fremu, paneli, mabomba ya nyaya na mwili wa mashine vimeunganishwa vyote. Upande wa transfoma unaotoa umeme kwa mashine, ncha yake ya kati, iliyokuwa imeachwa bila kufungwa popote, imefungwa kwenye sanduku na ardhi, mahali pamoja tu. Ulitukataza kuifunga mahali pawili, umeme wa kurudi usije ukatembea kwenye mabati tunayoshika. Ulipopima mara ya mwisho, Kiiza alitazama uso wako na si kipimo. Ulipotabasamu, alikaa chini sakafuni akafunika uso.

Yanayotutatiza

Mgeni rasmi, hatukukualika ili tukulilie. Meneja wetu ametusaidia: ndiye aliyekubali shaba inunuliwe, na sakafu imeinuliwa ili mvua isiingie. Tunamshukuru mbele yako, na makofi hayo ni yake.

Ila nyuma ya kiwanda ziko nyumba zetu, na umeme wake unatoka kwenye paneli ya zamani, ile iliyofungwa na mafundi walewale. Milango ni ya chuma. Siku za mvua watoto wetu hugusa mlango kwanza kwa kijiti kikavu cha mtama, ndipo waushike. Hakuna aliyewafundisha. Wanacheza hivyo, wanaimba na wimbo wake. Tumeambiwa nyumba zitashughulikiwa msimu ujao. Hatubishi. Tunakueleza tu jinsi watoto wanavyocheza.

Tunayoomba

Tunaomba, kabla hujapanda gari, upite nyuma pamoja na Bwana Semakula mkatembee nyumba zetu. Chai itakungoja huko, si hapa, ili usisahau.

Tunaomba Kiiza apelekwe kusoma zaidi, ili siku moja akipeleka neno ofisini, lisingoje msimu.

Ombi la mwisho ni la Erina. Uongozi umempa kiti ofisini, kupokea wageni, na ni wema mkubwa. Tulipomwuliza tuandike nini, alituambia hivi, nasi tumeandika kama alivyosema:

"Mimi sitaki kiti. Ile mashine naijua sauti yake. Vidole vinane vinatosha. Lakini naogopa, sitadanganya. Kila usiku mkono unaikumbuka. Madamu Enid anisimamie, nishike ule mlango mbele yake, mara moja tu. Nikishaushika, nitafanya kazi."

Kwa hiyo, mgeni rasmi, utepe wa kuifungua tena mashine tumeufunga, na mkasi upo mezani, lakini tunakuomba uuache kwanza. Kiiza ameshawasha. Paneli iko pale, mlango wake umesuguliwa unang'aa. Erina sasa anasimama. Mpe mkono wako, muende naye.

Mungu wa milima hii akulinde kila utakapofungua sanduku la umeme, akulipe kwa siku zako za mapumziko ulizotupa, na akurudishe kwetu hata pasipo na kilichoharibika.

Ni sisi wanao,
Wafanyakazi wa Kiwanda cha Kahawa Mlimani,
Bwera, Kasese, Agosti 2014